Neno Lililobaki

Mama alikuwa na neno moja, *fettle*,
na kamusi ya maktaba ya Burslem ililipa mistari sita tu.
Sita! Yeye alilitumia tangu alfajiri hadi usiku
na bado likabaki la kesho.

Asubuhi lilikuwa hali.
"Doreen, waamkaje?" huuliza muuza maziwa mlangoni,
naye hujibu kwa neno hilo, yaani buheri wa afya,
hata siku ile ya homa, macho mekundu kama makaa.

Saa moja unusu lilikuwa kazi.
Benchi la tatu, karibu na dirisha lisilofunguka,
vikombe vibichi vilimjia vikitoka kwenye kalibu,
kila kimoja na mshono wake ubavuni
pale nusu mbili zilipokutana.
Aliukwangua kwa kisu chembamba,
akapitisha sponji mara moja, si mbili,
kwani udongo mbichi haupendi kubembelezwa.
Vikombe mia tisa kwa siku. Vumbi jeupe kwenye kope.
Nyumbani tulinywea vile vya kasoro, vyenye mkono uliopinda:
mfinyanzi hulia gaeni,
na mwanawe vilevile.

Jioni lilikuwa ukarabati:
redio, bawaba ya lango, pindo la sketi yangu,
baiskeli ya Bwana Tunnicliffe iliyolia kama bata.
Na nikichelewa kurudi, lilikuwa tishio.
Nitakutengeneza, ndivyo lilivyomaanisha,
na hakuna mtoto anayeuliza atatengenezwaje.

Mjomba Wilf alilihamishia Australia.
Kule, aliandika, limekuwa cheo:
wenye neno hilo huitembea reli jangwani
wakikaza misumari ya mataruma,
nzi wakiwanywa jasho.
Mama aliisoma barua akicheka.
"Kumbe Wilf anafanya kazi yangu,
ila kikombe chake kina urefu wa maili elfu."

Zamani sana, mwalimu wetu Bi Heath alituambia,
lilikuwa mshipi tu, kitu cha kufunga kiunoni.
Nilimwamini papo hapo,
maana nilishamwona Mama akijifunga kibwebwe
kwa mkanda wa aproni,
mizunguko miwili, fundo kwa mbele.
Siku tuliyomzika Baba alijifunga hivyo hivyo
juu ya gauni jeusi, akaosha vyombo vya wageni wote,
na dada yake aliposema, "Hebu kaa, Doreen,"
alijibu kwa neno lile lile,
na hakuna aliyejua alimaanisha lipi.

Sasa maneno yanamhama.
Lilianza jina la daraja, likafuata la mfereji,
kisha, Jumanne moja ya mvua, likaenda langu.
Hili limekaa. Ni uji, ni mto wa kitanda,
ni yule muuguzi Jaswinder anayemchana nywele,
ni ndiyo, ni niacheni.
Daktari ameandika kwamba hazungumzi.
Daktari hakulelewa na neno hili.

Jana nilimpelekea chai.
Alikigeuza kikombe, akapitisha gumba ubavuni
polepole, akitafuta.
Hakuna kitu. Kazi safi ya mtu fulani.
Kisha akaushika uso wangu kwa viganja viwili,
kwa wepesi ule wa kushika kitu ambacho hakijaona moto,
na gumba likashuka toka sikioni, likafuata taya,
likasimama kidevuni, penye kovu
la baiskeli ya Tunnicliffe.

"Hapa," alisema. Sauti ya benchi la tatu.
"Hapa walipita haraka."

Nikamuuliza, utafanyaje, Mama?
Akachovya kidole kwenye chai,
akanifuta mara moja.
Si mbili.